Modeli ya Chipu Inapogoma: Dalili, Visababishi na Marekebisho katika Uigaji wa Kiwango cha Mfumo

Mwongozo huu ni wa wahandisi na wanafunzi wa Nairobi wanaounda modeli za chipu kwa SystemC, ile maktaba ya C++ iliyoidhinishwa kuwa kiwango cha IEEE 1666 mwaka 2005, ikarekebishwa mwaka 2011 ilipoingizwa TLM-2.0 (sehemu ya kuiga mawasiliano kama miamala mizima badala ya waya mmoja mmoja), na kurekebishwa tena mwaka 2023. Hitilafu zilizokusanywa hapa ni zile zinazoulizwa kila muhula kwenye maabara za vyuo na kwenye vikundi vya WhatsApp vya miradi ya mwaka wa mwisho. Kwa kuwa wengi hufanya kazi kwa laptop moja ya mtumba iliyonunuliwa Moi Avenue au Luthuli Avenue, ukaguzi wote uliopendekezwa unawezekana kwa zana za bure: gdb (ya kusimamisha programu na kuichunguza), Valgrind (ya kutafuta makosa ya kumbukumbu), GTKWave (ya kutazama mawimbi ya signali) na Verilator (ya kugeuza saketi kuwa modeli ya C++).

Mfano utakaotumika ni chipu ya mita ya umeme ya tokeni. Ndani yake mna prosesa ndogo, kumbukumbu, kipima muda, poti ya mawasiliano, na kitengo cha kufumbua tokeni ya tarakimu 20 ambayo mteja huibonyeza baada ya kulipia. Vyote vimeunganishwa kwa basi la biti 32 linaloendeshwa na saa ya MHz 100.

Kabla ya kugusa chochote, andika mahali ujumbe mzima wa hitilafu, toleo la maktaba na la kompaila, na punguza modeli hadi ibaki sehemu ndogo kabisa ambayo bado inaonyesha tatizo. Picha ya nusu skrini iliyopigwa kwa simu haimsaidii mtu yeyote, kwa sababu mstari wenye jibu mara nyingi ni ule wa kwanza, nao ndio hukatwa.

Programu haijengeki, au inajengeka lakini haianzi

Kisababishi kinachoongoza ni maktaba kujengwa kwa kiwango kimoja cha C++ na modeli kwa kingine. Linka, yaani programu inayounganisha msimbo wako na maktaba, hulalamika kwamba haipati jina linaloanza na `sc_api_version`, na mwishoni mwa jina hilo huwa kuna maandishi kama `cxx201402L`. Maandishi hayo yanafaa kusomwa kwa makini, kwa maana yanataja kiwango ambacho modeli yako imekompailiwa nacho: 201402 ni C++14, na 201703 ni C++17. Endesha `nm -DC libsystemc.so | grep sc_api_version` uone maktaba yenyewe inataja kipi, kisha kompaili modeli kwa kiwango hicho hicho. Iwapo umehamia SystemC 3.0, fahamu kwamba toleo hilo linadai angalau C++17, kwa hiyo dawa ni kupandisha modeli.

Kisababishi cha pili ni programu kujengwa vizuri kisha ikashindwa kuipata maktaba wakati wa kuanza. Amri ya `ldd` itaonyesha mstari wa `libsystemc` ukiwa hauna njia. Ongeza folda ya maktaba kwenye `LD_LIBRARY_PATH`, ukikumbuka kwamba usakinishaji wa zamani huiweka kwenye folda iitwayo `lib-linux64`. Cha tatu, ambacho huwapata wanaoanza, ni kuandika `main` mahali pa `sc_main`. Maktaba ina `main` yake, nayo hutafuta `sc_main` yako.

Simama hapa ikiwa unatumia seva ya chuo. Usibadilishe maktaba ambayo wenzako wanaitegemea. Isakinishe upya ndani ya folda yako mwenyewe, na ikiwa huna ruhusa ya kufanya hata hilo, mwone msimamizi wa seva.

Inasimama ikitaja poti au signali

Ujumbe wenye namba E109 maana yake ni kwamba kuna poti ambayo haijaunganishwa na kitu. Kiigaji hutaja poti hiyo kwa jina, lakini kama hukuipa jina, utasoma kitu kama `juu.mita.port_3`. Hesabu huanzia sifuri, kwa hiyo hiyo ni poti ya nne kutangazwa bila jina ndani ya moduli ya `mita`. Mara nyingi utakuta mtu ameongeza poti mpya katikati ya orodha huku miunganisho ikifanywa kwa mpangilio, na zote zilizofuata zikasogea nafasi moja. Ziunganishe kwa jina, na uzipe poti zote majina kwenye konstrakta. Ni kazi ya dakika chache inayookoa jioni nzima. Ikiwa poti imekusudiwa kuachwa wazi, kama ile ya kitengo cha majaribio, itangaze kwa sera ya `SC_ZERO_OR_MORE_BOUND`.

Ujumbe wa E115 husema kwamba signali moja inaandikwa na michakato miwili, na huitaja yote miwili. Kwa kawaida ni mchakato wa riseti na mchakato wa kazi kuandika rejista moja. Waunganishe wawe mchakato mmoja. Kuna wanaofundishana kuzima ukaguzi huu kwa `SC_SIGNAL_WRITE_CHECK`. Nasihi sana usifanye hivyo, kwa kuwa kwenye silikoni hizo zitakuwa saketi mbili zinazosukumana kwenye waya mmoja. Kama basi lako kweli lina waandishi wengi, tumia signali ya aina ya `sc_signal_resolved`, au `SC_MANY_WRITERS` pale ambapo waandishi hawakutani katika awamu moja.

Onyo la W505 kwamba kitu kipo tayari na kwamba kimebadilishwa jina halisimamishi uigaji, lakini lisahihishe, la sivyo utafuatilia mawimbi ya kitu kisicho chenyewe.

Wakati hausogei

Hakuna lalamiko linalorudi mara nyingi kama hili. Feni imeshika kasi, prosesa ya laptop inafanya kazi kwa asilimia 100, na skrini iko kimya. Wengi hudhani laptop ni dhaifu, wakaanza kutafuta pesa za kuongeza RAM, ilhali karibu kila mara tatizo limo kwenye modeli na linaweza kupatikana kwa kuuliza maswali mawili: je, wakati wa uigaji unaongezeka, na je, hesabu ya mizunguko ya delta, yaani raundi za kusasisha signali zisizosogeza wakati, inaongezeka?

Ili maswali hayo yaeleweke, ni lazima kukumbuka namna kiini cha SystemC, yaani sehemu ya maktaba inayoendesha uigaji, kinavyogawa zamu. Kiini hakimnyang'anyi mchakato zamu yake. Mchakato ukishaanza huendelea hadi wenyewe uite `wait()` au ufike mwisho wa fankisheni. Michakato yote iliyo tayari ikimaliza zamu zake, ndipo kiini husasisha signali, huarifu matukio ya delta, na pale pasipobaki lolote la kufanya katika wakati huo huo ndipo husogeza saa hadi tukio linalofuata. Kwa hiyo mchakato mmoja usioachia zamu huifungia mifumo yote, na kumwekea `sc_start` kikomo cha milisekunde moja hakutasaidia, kwa sababu milisekunde hiyo haitafika kamwe.

Ukaguzi mwepesi ni kuweka mstari mmoja wa kuchapisha ndani ya kila kitanzi na kila mchakato unaoushuku, ukionyesha `sc_time_stamp()`, `sc_delta_count()` na jina la mchakato. Kisha soma kinachotoka. Kwenye mita yetu unaweza kuona hivi:

120 ns, delta 41, mita.basi.chagua
120 ns, delta 42, mita.basi.jibu
120 ns, delta 43, mita.basi.chagua
120 ns, delta 44, mita.basi.jibu

Wakati umekwama kwenye ns 120 lakini delta inapanda, na majina mawili yanapokezana. Hiki ni kitanzi cha mantiki isiyo na saa: mchakato `chagua` hubadilisha signali inayouamsha `jibu`, na `jibu` naye hubadilisha signali inayouamsha `chagua`, bila kupita kwenye rejista yoyote. Tafuta ni signali gani kati ya hizo mbili ambayo katika saketi halisi ingehifadhiwa kwenye rejista, uifanye ibadilike kwenye ukingo wa saa. Kuna njia ya mkato ya kupachika ucheleweshaji wa ns 1 kati ya michakato hiyo. Wakati utasogea, ni kweli, lakini mtikisiko utabaki pale pale, nao utakuja kuonekana baadaye kama faili la mawimbi lililojaa diski nzima.

Ikiwa delta nayo imeganda na jina ni lile lile moja, una kitanzi kisicho na `wait()`. Sura yake ya kawaida ni prosesa inayosubiri kwa `while (!tayari.read()) {}`. Signali ya `tayari` haiwezi kubadilika kwa kuwa awamu ya kusasisha haifikiwi, na awamu ya kusasisha haifikiwi kwa kuwa kitanzi kinaisubiri `tayari`. Badilisha kiwe `wait(tayari.posedge_event())`, ukianza kwa kuangalia kama signali haijapanda tayari. Kama hakuna kinachochapishwa kabisa, endesha programu ndani ya gdb, iache igande, bonyeza Ctrl na C, kisha uandike `bt` uone orodha ya fankisheni zilizoitana. Fankisheni iliyo juu kabisa ya orodha na ambayo ni ya msimbo wako ndiyo iliyoshikilia zamu.

Sura ya tatu ni ngumu kuitambua, na huwapata hasa wanaotumia TLM-2.0 kwa mtindo wa wakati uliolegezwa, ambamo prosesa huruhusiwa kukimbia mbele ya saa ya mfumo kwa muda uitwao kwanta. Tuchukue kwamba programu ya ndani ya mita inaichungulia rejista ya kipima muda tena na tena ikisubiri biti moja iwe 1. Kila usomaji ni mwito wa `b_transport` kutoka kwa mwanzilishi wa muamala (hapa prosesa) kwenda kwa mlengwa (hapa kipima muda), na prosesa hujumlisha ucheleweshaji kwenye wakati wake wa ndani. Ikiwa modeli ya prosesa haiulizi `need_sync()` baada ya kila muamala na kuita `sync()` inapojibiwa ndiyo, kipima muda hakitapata zamu ya kubadilisha biti ile, na programu itazunguka milele. Tatizo lile lile hutokea hata pale swali linapoulizwa, ikiwa wakati wa ndani hauongezeki: mlengwa anarudisha ucheleweshaji wa sifuri, na prosesa haijumlishi muda wowote kwa kila amri inayotekeleza, kwa hiyo mwisho wa kwanta haufikiwi. Hakikisha kila amri inagharimu angalau mzunguko mmoja wa saa, yaani ns 10 kwenye mfano wetu. Kwa ajili ya uchunguzi, weka kwanta ya jumla iwe sifuri, jambo linalolazimisha usawazishaji kila mara `need_sync()` inapoulizwa. Tatizo likitoweka, umeshalipata.

Simama ikiwa `bt` inaonyesha kwamba zamu imeshikiliwa na modeli iliyofungwa ya msambazaji, ambayo msimbo wake huna. Usijaribu kuifumbua au kuibandika viraka. Mara nyingi leseni inakataza, na hata ukifaulu hutaweza kuyatetea matokeo yako. Mwandikie msambazaji, ukiambatisha `bt` nzima na orodha ya miamala ya mwisho iliyoingia.

Inamalizika papo hapo, au sehemu moja inalala milele

`sc_start()` isiyo na kikomo hurudi mara tu pasipobaki tukio lolote linalosubiriwa. Uigaji ukiisha kwenye wakati 0 bila kulalamika, kwanza angalia kama kuna saa yoyote iliyounganishwa, kisha kama fankisheni ya `SC_THREAD` ina kitanzi. Isiyo nacho hutekelezwa mara moja na kufa. Angalia pia mchakato uliowekewa `dont_initialize()` huku orodha yake ya matukio ikiwa tupu, kwa sababu huo hautaamka.

Zaidi ya hayo, chanzo kikubwa ni arifa iliyopotea. Poti ya mawasiliano inapokea tokeni na kuita `tokeni_imefika.notify()`, na katika mzunguko huo huo prosesa bado haijafika kwenye `wait(tokeni_imefika)`. Arifa ya papo hapo haina kumbukumbu: matatu ikishaondoka stejini, anayefika baadaye hasikii honi yake. Kubadilisha kuwa `notify(SC_ZERO_TIME)` huponya visa vingi, kwa kuwa huipa michakato yote nafasi ya kufika kwenye `wait` katika awamu ile. Hata hivyo, marekebisho ninayoyaamini ni kuweka hali pamoja na tukio, yaani biti ya kuonyesha kwamba tokeni ipo, na prosesa iiangalie biti hiyo kabla ya kulala. Saketi halisi ya ukatizaji hufanya hivyo hivyo kwa rejista yake. Tena, tukio moja hubeba arifa moja tu inayosubiri. Ukiarifu ns 50 na halafu ns 20, ile ya ns 50 hufutwa.

Kama modeli inaendelea lakini moduli mbili zimenyamaza, chapisha idadi ya vitu vilivyomo kwenye kila foleni. Foleni moja kujaa kabisa huku nyingine ikiwa tupu kabisa ni dalili ya mkwamo wa kusubiriana. Usikimbilie kuongeza ukubwa wa foleni kabla ya kuchora ni nani anamsubiri nani, kwa maana huenda umeuona mapema mkwamo ambao ungeingia kwenye chipu yenyewe, na hiyo ndiyo faida ya kuunda modeli.

Inaanguka ghafla kwa kosa la kumbukumbu

Angalia kwanza kama moduli ndogo zimetangazwa ndani ya konstrakta kama vigeu vya kawaida. Zitaharibiwa konstrakta ikiisha, huku kiini bado kinazikumbuka. Zifanye ziwe wanachama wa darasa, au uziunde kwa `new`. Pili, angalia safu kubwa zilizotangazwa ndani ya `SC_THREAD`: kila thredi ina staki yake ndogo, na safu ya picha au ya kumbukumbu nzima ya mita itaifurika. Ihamishie safu iwe mwanachama wa moduli, au ongeza staki kwa `set_stack_size` mara tu baada ya mstari wa `SC_THREAD`. Tatu, kwenye miamala isiyozuia, tazama kama mzigo wa muamala unafutwa na mwanzilishi wakati mlengwa bado anaushikilia. Huko ndiko `acquire` na `release` zinakohitajika.

Valgrind itakusaidia, lakini itatoa pia maonyo kuhusu programu kubadilisha staki. Maonyo hayo hutokana na namna kiini kinavyoruka kutoka thredi moja hadi nyingine, kwa hiyo anza na maonyo yanayotaja mafaili yako.

Majibu hayaaminiki

Majibu yakibadilika kila unapoendesha programu ile ile kwa data ile ile, shuku kigeu ambacho hakikupewa thamani ya mwanzo, na umwachie Valgrind akitafute. Majibu yakiwa thabiti kwenye kompyuta yako lakini tofauti kwenye kiigaji kingine, shuku michakato miwili inayotumia kigeu kimoja bila signali. Kiwango hakisemi ni mchakato gani utatangulia ndani ya awamu moja, kwa hiyo kila kiini kina haki ya kuchagua mpangilio wake, na modeli inayotegemea mpangilio fulani ina kasoro hata kama bado haijadhihirika.

Majibu yakiwa thabiti na bado si sahihi, anza na signali inayosomwa katika mzunguko ule ule wa delta ambamo imeandikwa. Utapata thamani ya zamani, kama ilivyo kwa rejista, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kwenye TLM-2.0 kuna makosa manne ambayo ningeyakagua kwa mfuatano huu. La kwanza ni mwanzilishi kutosoma hali ya jibu: anwani haipo, mlengwa amesema `TLM_ADDRESS_ERROR_RESPONSE`, lakini prosesa imechukua takataka zilizomo kwenye bafa ikaendelea. La pili ni anwani kutowekwa upya. Ruta hutoa anwani ya msingi kabla ya kumpelekea mlengwa, kwa hiyo muamala ulioanza na 0x40000010 hurudi ukiwa na 0x10. Ukiutumia mzigo ule ule tena bila kuandika anwani upya, muamala wa pili utaangukia kwenye kumbukumbu badala ya kipima muda. Kosa hili hutambulika kwa urahisi, kwa sababu usomaji wa kwanza huwa sahihi na wa pili huharibika. La tatu ni kielekezi cha moja kwa moja cha kumbukumbu ambacho prosesa inaendelea kukitumia baada ya mlengwa kukibatilisha. La nne ni mpangilio wa baiti, na dalili yake ni salio la mita linalosomeka kama namba kubwa ya kushangaza. Liandike kwa mfumo wa heksadesimali uone kama baiti zimegeuzwa.

Simama iwapo kitengo kinachotoa majibu mabaya ni cha usimbaji fiche. Kukifanyia marekebisho ya kubahatisha hadi mfano mmoja wa tokeni ukubaliwe ni hatari, kwa kuwa hapo pana pesa za watu na usalama wa funguo. Mtafute mtu aliyebobea katika usimbaji fiche, na umpe vekta za majaribio za kiwango husika.

Inaenda polepole mno

Kagua kwa mpangilio huu: je, umekompaili kwa `-O2`, je, unafuatilia mawimbi ya signali zote, na je, unachapisha mstari kwa kila muamala? Mambo haya matatu pekee hueleza visa vingi. Fuatilia mawimbi ya signali chache unazozihitaji tu, la sivyo faili la mawimbi (VCD) litameza diski.

Baada ya hapo, tazama michakato inayoamshwa na kila ukingo wa saa ili iangalie tu kama kuna kazi. Kwa saa ya MHz 100, sekunde moja ya maisha ya mita ina mizunguko milioni 100, na kila moduli ya namna hiyo huamshwa kwa kila mmoja wao. Kipima muda kinachojua kwamba kitaisha baada ya sekunde moja kiandike tukio moja la sekunde moja, kisha kilale. Badilisha pia `sc_lv` na `sc_logic` ziwe namba za kawaida za C++ popote ambapo thamani za X na Z hazihitajiki.

Kununua kompyuta yenye prosesa ya viini vingi hakutaharakisha uigaji mmoja, kwa sababu kiini cha marejeo kinachotolewa na Accellera huendesha michakato yote kwenye kiini kimoja cha prosesa. Viini vingi vitakufaa kwa kuendesha kwa pamoja majaribio kadhaa yenye vipimo tofauti. Uigaji unaoachwa usiku kucha uandike matokeo yake kwenye faili kidogo kidogo, kwa kuwa umeme ukikatika saa tisa usiku, kilichobaki kwenye bafa hupotea. Na laptop inayojizima yenyewe uigaji ukishika kasi ina tatizo la joto au la usambazaji wa umeme. Hilo ni la fundi wa kompyuta.

Muda unaotolewa haulingani na hesabu, au na RTL

Kabla ya kulinganisha na RTL, yaani saketi iliyoelezwa rejista kwa rejista, linganisha na kalamu na karatasi. Kusoma baiti 64 kupitia basi la biti 32 ni hatua 16. Ikiwa kumbukumbu huchukua mizunguko 4 kabla ya kutoa neno la kwanza, na kisha hutoa neno moja kwa kila mzunguko, jumla ni mizunguko 20, sawa na ns 200. Modeli ikisema ns 400, kuna uwezekano mkubwa kwamba muda umehesabiwa mara mbili: mlengwa ameita `wait(delay)`, halafu akaurudisha ucheleweshaji ule ule kwenye hoja bila kuufanya sifuri, na mwanzilishi naye akausubiri tena. Ikisema ns 0, mwanzilishi ameupuuza.

Hesabu ikikubali kwa muamala mmoja lakini ikapotea wanzilishi wawili wanapofanya kazi pamoja, basi modeli yako haina ushindani wa basi. Mtindo wa wakati uliolegezwa haukukusudiwa kujibu swali hilo, na kwanta ikiwa kubwa huzidi kulificha. Ama ipunguze kwanta, ama uiandike upya sehemu ya basi kwa mtindo wa wakati wa makadirio, wenye awamu za mwanzo na mwisho wa ombi na jibu. Sipendekezi kuiandika chipu nzima hivyo. Basi na kidhibiti cha kumbukumbu hutosha.

Kuna pia mtego wa kipimo cha wakati. SystemC huhifadhi wakati kama namba nzima ya biti 64, na kipimo chake cha kawaida ni ps 1. Saa ya GHz 3 ina kipindi cha ps 333.33, ambacho kitakadiriwa kuwa ps 333, kosa la takriban asilimia 0.1 linalokusanyika. Mtu akishuka hadi fs 1 ili kulipunguza, upeo wa wakati wote hupungua hadi saa 5 hivi. Kwa mita yetu tatizo liko upande wa pili: kwa ps 1, upeo ni sekunde 18,446,744, yaani siku 213, na mwaka mmoja wa matumizi ya umeme hauingii humo. Weka kipimo cha ns 1 kwa `sc_set_time_resolution`, kabla ya kuunda kigeu chochote cha `sc_time` chenye thamani isiyo sifuri, maana baada ya hapo kiini kitakataa.

Ikiwa baada ya yote haya bado kuna tofauti, geuza RTL ya sehemu moja tu kwa Verilator kuwa moduli ya SystemC, uiweke mahali pa modeli yako, na ulinganishe muamala kwa muamala hadi uupate ule wa kwanza unaotofautiana. Tofauti zinazofuata mara nyingi ni matokeo ya huo wa kwanza.

Simama kabisa, na umwite mhandisi wa uthibitishaji, iwapo namba za modeli zitatumika kuamua ukubwa wa kumbukumbu, upana wa basi au kasi ya saa ya chipu itakayopelekwa kiwandani. Kosa la uigaji hurekebishwa kwa kukompaili upya, lakini silikoni iliyokwisha kutengenezwa haifutiki, na seti mpya ya maski za kuchapia chipu ni gharama ambayo mradi mdogo hauwezi kuibeba mara mbili. Mpelekee modeli yenye kasoro ikiwa imepunguzwa, mlinganisho wa miamala, karatasi ya hesabu yako, na orodha ya mambo ambayo modeli imeyaacha kwa makusudi, kama ushindani wa basi, uhuishaji wa DRAM au ucheleweshaji wa kache, ili ajue ni tofauti gani zinatarajiwa na zipi hazitarajiwi.